Mgongo na akili ya muuguzi: mwongozo wa kujilinda wodini, hatua kwa hatua

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya muuguzi wa wodi ya kawaida katika hospitali ya wilaya au ya mkoa hapa Tanzania, yule anayeingia zamu ya usiku na mwenzake mmoja kwa wagonjwa 30 na zaidi, na ambaye asubuhi anatoka getini ameshika kiuno. Umeandikwa pia kwa sista inchaji anayempangia zamu, kwa sababu nusu ya yanayoelezwa hapa hayawezi kufanywa na mtu mmoja hata akiwa hodari kiasi gani.

Nimefanya kazi hii miaka ya kutosha kujua kwamba maumivu ya mgongo na uchovu wa akili hupelekwa kwenye milango miwili tofauti, wakati mzigo wenyewe ni mmoja. Anayeumwa mgongo halali vizuri. Asiyelala huyasikia maumivu yaleyale kwa ukali zaidi. Na aliyechoka akili huinua mgonjwa kwa haraka, peke yake, bila kumwita mwenzake, kisha anaongeza maumivu juu ya maumivu. Kwa hiyo hatua zinazofuata zinashughulikia vyote viwili kwa pamoja.

Tumezoea kuambiwa kwamba uuguzi ni wito. Ni kweli, lakini neno hilo limetumika mno kumnyamazisha anayesema kwamba ameumia. Kila tarehe 12 Mei tunawasha mishumaa na kurudia kiapo kwa kumkumbuka Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, na ni wachache wanaokumbuka kwamba mama huyo alirudi kutoka vita vya Crimea akiwa mgonjwa, akaishi miaka mingi akiwa hajiwezi, na sehemu kubwa ya maandishi yake aliifanyia kitandani.

Hatua ya kwanza: weka daftari kwa wiki mbili

Kabla ya kutafuta dawa, tafuta chanzo. Chukua daftari dogo linaloingia mfuko wa sare, na kila unapomaliza zamu andika mambo matano: zamu uliyofanya, idadi ya wagonjwa uliowageuza au kuwainua, mahali panapouma na ukali wake kuanzia 0 hadi 10, saa ulizolala kabla ya zamu, na neno moja tu linaloeleza hali ya moyo wako. Usiandike insha, kwa sababu utaiacha siku ya tatu.

Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilikuwa na hakika kwamba mgongo wangu unaharibiwa na wagonjwa wa kiharusi. Daftari lilisema vingine. Siku mbaya kuliko zote zilikuwa zile nilizopangwa wodi ya watoto, na nilipofuatilia nikaona ni kwa sababu ya dripu: unainama juu ya kitanda kifupi, shingo imekunjwa, mtoto analia, mshipa hauonekani, unabaki hivyo dakika kumi, kisha unahamia kitanda cha pili. Hakuna ulichoinua, lakini misuli ya kiuno imeushikilia mwili wako wote uliopinda kwa muda huo. Tiba ilikuwa stuli ya mbao iliyokuwa stoo. Tangu hapo sitafuti mshipa wa mtoto nikiwa nimesimama, labda iwe dharura.

Daftari hilo lina kazi ya pili ambayo utaiona mwishoni, kwa hiyo usilitupe.

Hatua ya pili: hakikisha si ugonjwa mwingine

Maumivu mengi ya kiuno ya muuguzi yanatokana na misuli na viungo, nayo hupungua katika wiki chache. Lakini sisi wauguzi tuna tabia ya kujipima wenyewe koridoni na kujiandikia dawa ya maumivu, diklofenaki. Zipo dalili ambazo ukiwa nazo huna ruhusa ya kujitibu. Ukipata ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, ukishindwa kukojoa au kuzuia mkojo, au mguu ukizidi kuishiwa nguvu, nenda hospitalini saa hiyohiyo, kwa sababu mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo huenda imebanwa na kila saa inayopita inahesabika.

Dalili nyingine ni maumivu yasiyotulia hata ukilala, yanayoambatana na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito. Hapa fikiria kifua kikuu cha pingili za mgongo. Sisi hukaa na wagonjwa wa kifua kikuu kabla hata hawajagunduliwa, halafu tunashangaa mmoja wetu akiugua. Omba uchunguzi kamili, pamoja na picha ya mgongo.

Kama dalili hizo hazipo, usijilaze kitandani siku tano. Ushauri wa zamani wa kulala juu ya ubao mgumu umeachwa. Mtu mwenye maumivu ya kawaida ya kiuno hupona mapema zaidi akiendelea kutembea na kufanya shughuli nyepesi. Dawa za maumivu zitumike kwa siku chache na kwa kuandikiwa. Anayemeza diklofenaki kila zamu kwa miezi analiweka tumbo lake na figo zake hatarini ili tu wodi isipungukiwe na mtu.

Hatua ya tatu: acha kuinua, anza kutelezesha

Hii ndiyo hatua ninayotaka uisome mara mbili. Mwaka 2007 mtafiti Thomas Waters wa taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani alikokotoa uzito ambao mhudumu mmoja anaweza kuubeba salama anapomhudumia mgonjwa, akapata takriban kilo 16, tena kwa mgonjwa anayeshirikiana na katika mazingira mazuri. Mguu mmoja wa mwanamume wa kilo 80 una karibu kilo 13. Ina maana kwamba kuushika mguu tu wakati wa kufunga kidonda umeshakaribia kikomo, na kumbeba mtu mzima kutoka kitandani hadi kwenye kiti ni jambo ambalo ufundi wa kukunja magoti peke yake hauwezi kulifanya kuwa salama. Miaka mingi tulifundishwa kwamba aliyeumia hakukunja magoti. Aliyeumia, mara nyingi, alikuwa peke yake.

Tuchukue mfano tunaoukuta kila usiku. Baba amepooza upande wa kulia, ana kilo kama 85, na ameteleza kitandani hadi nyayo zinagusa chuma. Njia iliyozoeleka ni wawili kumshika makwapani na kumvuta juu. Njia hiyo inaumiza watu watatu, kwa sababu bega la upande uliopooza halina misuli ya kulishikilia na linaweza kuchomoka kidogo, na wauguzi wawili wanavuta huku migongo yao imepinda.

Badala yake, funga kwanza breki za kitanda, na kama hakina breki kisukume hadi upande wa kichwani uegemee ukuta. Laza kichwa cha kitanda kiwe sawa, ikiwa mgonjwa habanwi na pumzi na hajalishwa muda mfupi uliopita. Angalia mpira wa mkojo na dripu, uvilegeze vyote kabla hujaanza. Mgeuze mgonjwa ubavu, upitishe chini yake shuka iliyokunjwa mara mbili, kuanzia mabegani hadi chini ya makalio. Chini ya shuka hiyo tandika kipande kikubwa cha plastiki laini na safi. Kile kinachofunika magodoro mapya kinafaa sana. Mrudishe chali. Sasa wawili simameni kila mmoja upande wake, mguu mmoja mbele, mkikunja shuka hadi ngumi zenu ziwe karibu kabisa na mwili wake. Mwombe akunje goti la mguu usiopooza na asukume. Hesabuni kwa sauti, na kwenye tatu hamisheni uzito wenu kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele. Hamumnyanyui, anateleza. Ukimaliza ondoa plastiki, kwa sababu ikibaki ngozi yake itatota jasho na kuanza kuchubuka.

Kama mwenzako yuko leba au amekwenda kufuata damu, tumia ndugu wa mgonjwa, ambaye kwa kawaida yupo tu pale akisubiri kupewa kazi. Mfundishe saa ya kutembelea wagonjwa mchana, kukiwa na nafasi ya kueleza, usingoje saa nane usiku. “Kaka, wewe shika shuka, usimshike baba mkono. Nikisema tatu tunavuta wote.” Akijibu “sawa, sista,” mwambie arudie kwa maneno yake ulichomweleza. Ndugu aliyefundishwa vizuri atakusaidia hata kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo, na atakwenda na ujuzi huo nyumbani, ambako ndiko utakakohitajika zaidi.

Mgonjwa akianza kuanguka mkononi mwako, usijaribu kumdaka. Jua kwamba hili linapingana na kila kitu ambacho moyo wako utakwambia. Msogelee, mwache ateremke taratibu ukimtegemeza kwa mwili wako hadi sakafuni, ukikilinda kichwa chake, kisha ita watu. Ukimdaka mtu wa kilo 70 kwa mikono iliyonyooka mtaanguka wote wawili, na wodi itabaki na wagonjwa wawili bila muuguzi.

Sista inchaji naye ana lake. Apite kitanda kwa kitanda na aandike ni vingapi mpini wake wa kupandishia umeganda kwa kutu, apeleke orodha kwa fundi wa vifaa tiba na kufuatilia kila wiki. Kitanda kinachofika usawa wa nyonga yako wakati wa kumsafisha mgonjwa kinaupunguzia mgongo wako mzigo kuliko semina yoyote. Lakini kishushwe ukimaliza, ili mgonjwa asiporomoke kutoka juu.

Hatua ya nne: miguu

Vaa kiatu kilichofunika vidole, chenye soli isiyoteleza na kisigino kifupi. Kandambili ziachwe nyumbani. Kama miguu inavimba jioni au mishipa imeanza kujitokeza, muulize daktari kuhusu soksi za kubana, na uzivae asubuhi kabla uvimbe haujaanza. Kalia kiti unapoandika taarifa. Nasema hivyo kwa sababu nimewaona wengi wakiandika wamesimama ili wasionekane wavivu.

Hatua ya tano: usiku na usingizi

Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri mwili huwa umeshuka chini kabisa, joto lake pamoja na umakini wake. Panga kazi zako ukijua hivyo. Hesabu za dozi za watoto na dawa za hatari zihakikiwe na mtu wa pili katika saa hizo, hata kama unajiona mzima. Ikiwa taratibu za kituo chenu zinaruhusu, pokezaneni usingizi wa dakika 20 kila mmoja. Ukizidi hapo utaamka mzito kuliko ulivyolala. Kahawa au chai kali ya mwisho iwe saa nane usiku, kwa kuwa baada ya muda wa saa tano hivi nusu yake bado iko mwilini, na wewe unataka kulala saa tatu asubuhi.

Ugumu mkubwa uko nyumbani. Muuguzi mwanamke anarudi asubuhi anakuta vyombo, mtoto wa kupelekwa shule na jirani anayehodisha kwa sababu amesikia sista yupo. Kaa na watu wa nyumbani siku ambayo huna zamu na mkubaliane kwa maneno: kuanzia saa tatu hadi saa tisa mchana mlango umefungwa, simu imezimwa, na asiyekuwa na dharura asigonge. Kama unakwenda kazini kwa pikipiki yako mwenyewe, hongera. Lakini baada ya zamu mbili za usiku mfululizo, iache hospitalini na upande daladala.

Inchaji anayepanga zamu aikumbuke Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 12 kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na inahesabu kazi ya usiku kuwa ni ile ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mjamzito hapaswi kutakiwa kufanya kazi usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua. Kumtoa mtu zamu ya usiku na kumpanga mchana wa siku ileile ili kuziba pengo ni mtindo uliozoeleka, na hauna utetezi.

Hatua ya sita: jipime akili kama unavyompima mgonjwa presha

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linaeleza uchovu wa kazi uliokithiri kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kudhibitiwa, na haliuiti ugonjwa. Uchovu huo una alama tatu: nguvu zimekwisha, moyo umejitenga na kazi au umekuwa na kejeli, na unaona kazi yako haina tija. Alama ya pili ndiyo inayojificha. Utaisikia siku utakapomwita mgonjwa “kitanda namba saba” na ukagundua kwamba jina lake hulijui, au mama mwenye uchungu anapolia nawe unamjibu kwa ukali ambao mwenyewe unaushangaa ukifika nyumbani.

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni inayodumu, ni jambo jingine, na inakufuata hata ukiwa likizo. Maswali mawili mafupi yanatosha kuanzia. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejisikia mwenye huzuni, mnyonge au uliyekata tamaa? Kila swali lipe 0 ikiwa haijatokea kabisa, 1 kwa siku kadhaa, 2 kwa zaidi ya nusu ya siku hizo, na 3 kwa karibu kila siku. Jumla ikifika 3, nenda ukapimwe kikamilifu. Wengi wetu hatusemi “nina sonona”; tunasema “nina mawazo mengi”, “kichwa kimejaa”, au tunasema mgongo tu. Ndiyo maana neno moja la hali ya moyo limo kwenye daftari lako.

Ukiona aibu kutibiwa na watu unaokula nao chai, una haki ya kwenda kituo kingine. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili, na Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, iko Dodoma. Na kama umeanza kufikiria kujidhuru, au unajikuta ukihesabu vidonge kwenye kabati la dawa, mwambie mtu mmoja leo hiihii na asikuache peke yako hadi mfike kwa daktari. Vivyo hivyo kwa aliyeanza kujidunga dawa za wodini za maumivu au za usingizi. Ukimjua, mfuate faraghani kabla mambo hayajafika kwenye kikao cha nidhamu.

Hatua ya saba: baada ya tukio zito

Mama amefariki leba. Mtoto uliyemhangaikia usiku kucha amekata roho alfajiri. Ndugu amekutukana mbele ya wodi nzima. Kwa kawaida muuguzi anafunga maiti, anasaini kitabu na kuendelea na dawa za saa kumi na mbili. Inchaji atenge dakika kumi kabla ya kukabidhiana zamu: maji, kiti, chumba kilichofungwa, na swali moja, “unaendeleaje?” Asimlazimishe mtu kusimulia tukio zima, kwa sababu kumshurutisha mtu kueleza kila kitu mara moja baada ya mshtuko hakuzuii madhara ya baadaye. Anayetaka kuongea aongee, anayetaka kunyamaza aachwe, kisha aulizwe tena baada ya siku tatu, na tena baada ya wiki mbili. Vikao vya kujadili vifo vya uzazi vifanyike kwa lengo la kutafuta kilichokosekana, kwa sababu vikigeuka mahakama watu watajifunza kuandika faili vizuri na kuficha mengine yote.

Ukichomwa sindano, osha kwa maji na sabuni bila kukamua, toa taarifa, na uanze dawa za kinga dhidi ya virusi vya Ukimwi mapema kadiri inavyowezekana, kabla saa 72 hazijapita, na uzitumie kwa siku 28. Mwenzako akuulize kuhusu usingizi katika siku hizo, kwa kuwa hofu ya kusubiri majibu huumiza kuliko dawa zenyewe.

Hatua ya nane: andika, saini, tunza nakala

Hapa ndipo daftari linapofanya kazi yake ya pili. Ukiumia wakati wa kumhamisha mgonjwa, andika tukio kwenye kitabu cha ripoti siku hiyohiyo: saa, kitanda, ulichokuwa ukifanya, aliyeshuhudia. Nilishawahi kuumia usiku nikaona haya kuandika, na nilipokuja kuomba nafuu baada ya miezi minne niliulizwa swali moja tu: iko wapi taarifa? Sikuwa nayo.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inawahusu walioajiriwa serikalini na katika sekta binafsi. Mwajiri anatakiwa kuupa taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya siku 7 baada ya kujua kwamba umeumia, na dai lako liwasilishwe kabla ya miezi 12 kupita. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo inampa mwajiri wajibu wa kuyafanya mazingira ya kazi kuwa salama, na vitanda vibovu ni sehemu ya mazingira hayo. Mwajiri akiwa mzito, peleka nakala kwa kiongozi wa tawi la chama chenu cha wafanyakazi, ukiambatanisha kurasa za daftari.

Hatua ya tisa: kurudi kazini

Aliyekuwa likizo ya ugonjwa kwa sababu ya mgongo au sonona asirudishwe moja kwa moja wodi ya upasuaji, zamu ya usiku, siku ya kwanza. Kaeni watatu, yeye, inchaji na muuguzi mfawidhi, muandike kazi nyepesi atakazofanya kwa wiki mbili za mwanzo: kliniki ya chanjo, chumba cha dawa, au usajili wa wajawazito. Andikeni pia kazi asizotakiwa kufanya, ikiwamo kugeuza wagonjwa peke yake, na tarehe ya kukaa tena kutazama hali yake. Tarehe hiyo iingizwe kwenye ratiba ya zamu palepale, kwa kalamu, kabla hamjainuka.